Historia na falsafa kwa pamoja chuoni: mzigo nyota tano, ufungaji wa mzigo nyota mbili

Wiki iliyopita mtoto wa mama mdogo kanipigia simu, matokeo ya form six yametoka, kafaulu vizuri HKL yake (Historia, Kiswahili na Kiingereza), anataka kuomba chuo asome historia na falsafa pamoja kama nilivosoma mimi, na mama ake kakataa katakata, anasema falsafa ni ya mafrateri na mapadri, sasa wewe mtoto wa kike upadri utaupatia wapi. Nikaongea na mama mdogo karibu saa nzima mpaka salio likakata. Afu nikaona bora niandike yote, maana siyo yeye tu, kila mwaka kipindi cha kuomba vyuo napigiwa simu za namna hii, na watu wanalipia miaka mitatu ya maisha yao bila kuambiwa na mtu aliyeitumia hiyo kitu ndani mna nini.

Chuo sikitaji jina. Ni hapahapa Tanzania, nimemaliza miaka kadhaa sasa, kuna mambo yatakuwa yamebadilika. Ninachokipima hapa ni hiyo kombi yenyewe, historia ikiwa somo kubwa na falsafa likiwa la pili, inakupa nini na inakunyima nini.

Mwaka wa kwanza jiandae kuchoka, na uchovu wake una namna yake. Historia inataka usome haraka, unapewa kurasa mia mbili Jumatatu, Ijumaa uwe umeshajua nani alisema nini na kwa ushahidi gani. Falsafa ni kinyume chake, unapewa kurasa nne wiki nzima, na ukizisoma haraka umezikosa. Mi nilikuwa nasoma falsafa kwa mwendo wa historia, nikafeli tesiti ya kwanza ya mantiki, afu nikaanza kusoma historia kwa mwendo wa falsafa nikajikuta katikati ya semesta niko nyuma vitabu vitatu. Imenichukua karibu mwaka mzima kujua kubadilisha gia, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyetuambia kwamba hayo ni masomo mawili yanayosomwa kwa namna mbili. Nakuambia wewe mapema.

Kilichonifanya niipende hii kombi kilitokea mwaka wa pili, wiki moja tu, na naikumbuka vizuri sana. Upande wa historia tulikuwa kwenye Vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907. Kila aliyesoma shule nchi hii anavijua tangu msingi, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, maji yenye dawa, risasi za Mjerumani zitageuka maji. Na wengi tulifundishwa kwa namna ambayo ukitoka darasani unabaki na kitu kimoja, kwamba wazee wetu walidanganywa. Basi lekchara akatuletea ushuhuda uliokusanywa mwaka 1968 na 1969 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi aliousimamia mwanahistoria John Iliffe, wanafunzi walienda vijijini kwao kuwahoji wazee waliokuwa bado hai na waliokumbuka vita. Wanafunzi wa umri wetu! Wameshika kalamu, wamekaa chini ya mwembe, wanauliza babu ulikuwa wapi siku ile. Na ukisoma yale majibu unaona watu wanaongelea kwanza shamba la pamba la lazima, kodi, viboko, akida aliyewekwa na Mjerumani. Wamatumbi walianza kwa kung'oa pamba kule Nandete mwezi wa saba 1905. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, vita vikaendelea karibu miaka miwili bila yeye.

Wiki hiyohiyo, Jumatano, upande wa falsafa tukawa tunasoma makala ya mwanafalsafa Mwingereza Peter Winch ya mwaka 1964, anabishana na mwanaanthropolojia Evans-Pritchard aliyeandika kuhusu Wazande, watu wa Afrika ya kati, na uchawi. Swali la Winch, kwa maneno yangu, ni hili: unaposema imani ya watu fulani haina akili, unapima kwa kipimo cha nani, na hicho kipimo umekitoa wapi. Nimekaa pale nyuma ya ukumbi natetemeka kabisa, maana hakuna mtu aliyetaja Maji Maji humo ndani, falsafa walikuwa hawajui historia wanasoma nini wiki hiyo, lakini mimi kichwani yale masomo mawili yamegongana.

Nikaandika insha yangu kubwa ya mwaka juu ya hicho kitu, je wazee wa 1905 walikuwa wajinga? Na ndo nikaona kombi inavofanya kazi. Historia peke yake ingenipa jibu la kukwepa, kwamba swali la ukweli wa maji halituhusu, sisi tunaangalia maji yalifanya kazi gani, na kazi yake ni kwamba yaliunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni, watu ambao hawakuwahi kuwa na kiongozi mmoja. Hiyo ni kweli na ni muhimu sana. Lakini falsafa inakukamata shati, inakuuliza, kitu kikifaa kinakuwa kweli? Wale waliovamia boma la Mahenge tarehe 30 Agosti 1905 wakakutana na bunduki za rasharasha, kwao risasi ilikuwa risasi. Sasa ukitaka kukimbilia upande wa pili useme basi walikuwa wajinga tu, historia nayo inakukamata, inakuonyesha kwamba siyo wote waliamini kwa kiwango kimoja, wengine waliingia vitani kwa sababu ya njaa na viboko na wangeingia hata bila maji, na Mjerumani naye alikuja na imani zake kibao ambazo hatuziiti ujinga. Yani kila somo linafunga mlango ambao lenzake lilitaka kutokea. Unabaki chumbani na swali. Serikali ya Kijerumani ilihesabu waliokufa kuwa elfu 75, Gilbert Gwassa aliyeandika tasnifu yake juu ya vita hivyo alifika laki mbili na nusu mpaka laki tatu, na wengi wao ni njaa iliyofuata baada ya vyakula kuchomwa. Siyo swali la kulichezea.

Kwa hiyo insha moja tu mimi nasema ada yangu ilirudi.

Ila kuna nyingine. Mwalimu Nyerere, wengi hawajui, alipokuwa Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952 miongoni mwa alivyosoma ni historia ya Uingereza na falsafa ya maadili. Mama mdogo nilivomwambia hivo kwenye simu akanyamaza kidogo, akasema kumbe, mi nilidhani alisoma ualimu tu (ualimu aliusoma Makerere kabla). Sasa ukisoma ile makala yake ya 1962 kuhusu ujamaa kama mtu wa falsafa unaona hoja imesimama juu ya nguzo moja, kwamba jamii yetu ya asili haikuwa na matabaka, kila mtu alikuwa mfanyakazi, hata mgeni siku ya tatu anapewa jembe. Mtu wa falsafa akikubali nguzo anaendelea kuangalia kama paa limekaa sawa. Mtu wa historia anaishika nguzo yenyewe anaitikisa. Na Bukoba kulikuwa na nyarubanja, mtu analima ardhi ya mwingine anamlipa? Na pwani na visiwani kulikuwa na watumwa kwenye mashamba ya minazi na mikarafuu? Mwalimu mwenyewe baadaye, 1967, alikiri kwamba jamii ya zamani ilikuwa na kasoro, akataja hali ya wanawake na umaskini. Kwangu mimi hilo halimpunguzii heshima hata kidogo, naona ni mtu aliyeendelea kufikiri huku ana nchi mkononi. Ila nisingeona hivo vitu kama ningekuwa na jicho moja.

Na bibi yangu naye ameingia humu. Tulisoma John Mbiti, Mkenya, kitabu chake cha 1969, anasema Mwafrika wa asili kwake wakati una sehemu mbili, na akatumia maneno yetu ya Kiswahili kuzitaja, Sasa na Zamani, na wakati ujao karibu haupo, miezi michache tu basi. Alitoa ushahidi wake mwingi kwenye vitenzi vya Kikamba. Wenzangu darasani wakaandika kwenye madaftari. Mi likizo nikaenda kwa bibi, tumekaa tunachambua mchele, nikamuuliza bibi, zamani mlikuwa mnapanga mambo ya mbele? Akaniangalia. Akasema mwanangu, kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo, hayo maneno tuliyaweka ya nini? Halafu akanyoosha mkono kwenye mnazi uliopo uani, akasema babu yako aliupanda huo wewe hujazaliwa, mnazi unangoja miaka sita saba ndo unazaa, anayepanda mnazi anawaza leo? Nilirudi chuo na hoja mbili ambazo hakuna kitabu kilinipa, moja ya lugha moja ya mnazi. Lekchara wa falsafa aliipenda, akanielekeza nimsome Kwame Gyekye wa Ghana, ambaye na yeye alimpinga Mbiti kwa kutumia Kiakan. Hiyo siku nilijisikia mtu mzima.

Sasa tuje kwenye malalamiko, na ninayo.

Kubwa kuliko yote, hii kombi haiuzwi kama kombi. Unanunua vitu viwili, unapewa mifuko miwili, kushona unashona mwenyewe. Kwa miaka mitatu sikuwa na kozi hata moja iliyokaa katikati, hakuna falsafa ya historia, yani kozi ya kuuliza mwanahistoria anajuaje anachosema anakijua, chanzo kikiongopa unatambuaje, simulizi ya mdomo inabeba ukweli wa aina gani. Vitu kama alivyoandika Collingwood, mwanafalsafa Mwingereza, au Ibn Khaldun, mwanazuoni wa Tunis, kwenye ule utangulizi wake wa 1377 ambapo anawachambua wanahistoria wanaopokea habari bila kuzipima kama zinawezekana, huyo mtu ni wetu sote tuliosoma hayo masomo mawili na sikuwahi kumsikia darasani! Nilimkuta mwenyewe laibrari, kopi moja, kurasa zingine zimechanwa.

Ratiba ndo usiseme. Semesta mbili nzima kipindi cha historia kimegongana na semina ya falsafa, ukienda ofisi hii wanakwambia nenda ile, ukienda ile wanakwambia somo lako kubwa ni kule waambie wao ndo wabadilishe. Nimesoma kozi nzima kwa madesa (notisi) ya rafiki, namshukuru mpaka leo, lakini falsafa kwa madesa ni kama kusimuliwa chakula. Falsafa inatokea pale mnapobishana.

Afu ile insha ya Maji Maji niliyoisifia hapo juu, kwenye kusahihishwa ilipigwa danadana. Mwalimu mmoja akaandika pembeni kwa wino mwekundu hii siyo historia, nilipoipeleka upande wa pili nikaambiwa humu kuna hadithi nyingi mno hoja iko wapi. Nilipata B ya huruma. Iliniuma sana, siyo maksi, iliniuma kwa sababu nilijua pale ndipo nilipofikiri kuliko siku zote za chuo, na wote wawili waliangalia nusu yao tu. Kama kuna mwalimu wa chuo anasoma hapa, tafadhali, mtoto akikuletea kazi iliyosimama kwenye mpaka, iteni kikao cha dakika kumi muisome wawili pamoja.

Lugha. Tunafundishwa kwa Kiingereza, tunabishana kwa Kiswahili koridoni, na ubishi wa koridoni ndo mzito. Kuna siku tumebishana masaa juu ya neno haki. Kiingereza wana neno moja la haki ya mtu, kitu unachostahili, na lingine la haki kama hali ya mambo kuwa sawa. Sisi yote haki. Mmoja akasema lugha yetu imepungukiwa, mwingine akasema hapana, lugha yetu inasema hivi vitu viwili ni kimoja, ukininyima changu hakuna usawa hapa. Hiyo ni falsafa kamili, ila kwenye mtihani huwezi kuiandika ilivyo maana swali limekuja kwa lugha ambayo maneno tayari yametengana. Naamini kabisa hii kombi ikifundishwa kwa Kiswahili, hata kozi mbili tatu tu, itazaa watu wa ajabu.

Swali ambalo wazazi wote wanauliza, kazi. Sitamdanganya mtu. Hakuna tangazo la ajira linalosema anatafutwa mtu wa historia na falsafa. Nilikaa mwaka na miezi bila kazi ya maana, nikifundisha tyusheni mtaani, na wenzangu waliosoma ualimu walitangulia. Anayetaka kumaliza leo kesho yuko kazini, na nyumbani wanamtegemea hivo, kwa kweli achukue historia na ualimu, falsafa aisome taratibu baadaye, sitamlaumu mtu.

Ila saivi nipo kwenye shirika dogo linalosaidia vijiji kwenye migogoro ya ardhi, huku Kusini, na hapa ndo nimeelewa nilichosomea. Kuna kesi moja nitaisimulia bila majina. Wazee wawili, shamba moja la mikorosho. Wa kwanza anasema baba yake aliipanda ile mikorosho, mwaka 1974 Operesheni Vijiji, ile ya serikali kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, ikawahamisha kwa lazima, wakaacha kila kitu. Wa pili anasema yeye aliletwa hapo na serikali mwaka huohuo akiwa kijana, akaonyeshwa pori, ameifyekea na kuipalilia ile mikorosho mpaka leo ni mzee. (Na siyo wao tu, uzalishaji wa korosho nchi hii ulishuka vibaya baada ya msimu wa 1973/74, na watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao ni moja ya sababu zinazotajwa.) Kikao kilikuwa kimeshafanyika mara tatu kinaishia matusi.

Nikafanya kazi ya historia kwanza. Nani alikuwa wapi lini. Miaka watu hawaikumbuki kwa namba, unauliza ulikuwa umeshatoka jandoni, mwenyekiti wa kijiji alikuwa nani, mvua zile kubwa zilikuwa zimepita au bado, unaoanisha simulizi ya huyu na ya jirani asiye na faida na shamba. Ikatoka kwamba wote wawili wanasema kweli. Kikao kikaduwaa, kwa sababu kila mtu alikuja akiamini mmoja ni mwongo.

Hapo ndo falsafa ikaingia, maana historia ilikuwa imemaliza kazi yake. Tukatenganisha maswali mawili ambayo siku zote yalikuwa yamefungwa kamba moja, nani alitangulia, na je kutangulia ndo kunakupa haki. Mzee wa pili akasimama akasema jasho langu limeingia kwenye huu udongo miaka yote hii, udongo huu na mimi hatutenganishwi. Hoja hiyohiyo aliitoa mwanafalsafa Mwingereza John Locke, kitabu kilichotoka 1689, na huyu mzee hajawahi kumsikia Locke wala haimhusu. Wa kwanza akajibu, kitu kilichochukuliwa kwa nguvu hakiwi halali kwa kukaa nacho muda mrefu. Kimya. Wote wana hoja. Hakuna aliyetukana siku ile. Mambo yakaenda baraza la ardhi yakiwa yameandikwa vizuri, kila hoja na mwenyewe, na wale wazee walitoka wameshikana mikono, ingawa shamba bado.

Na ile amri ya 1974 ilitoka kwenye ile ile hoja ya 1962 niliyoisoma nikiwa mwaka wa pili. Makala ya falsafa, ikawa sera, ikawa malori, ikawa wazee wawili na mikorosho. Nilivorudi geto usiku ule sikulala mapema.

Kwa hiyo nyota. Mzigo wenyewe, yani masomo mawili yakikutana kichwani, tano bila kusita. Namna chuo kilivoufunga mzigo, mbili. Ukinilazimisha namba moja, nne. Anayependa tarehe tu na majibu yaliyonyooka hii kombi itamtesa, na anayependa kubishana ila hapendi kukaa laibrari na mafaili yenye vumbi itamtesa zaidi. Kabla hujajaza fomu nenda chuo chenyewe kaulize vitu viwili, ratiba za idara hizo mbili zinapangwa pamoja au kila mtu kivyake, na insha ya mwisho inaruhusiwa kuwa na wasimamizi wawili. Wakikujibu kwa kusitasita, angalia chuo kingine kabla hujalipa hela ya maombi.

Mama mdogo jana kanitumia meseji, kakubali ila kwa sharti kwamba dogo asome na kompyuta. Madesa yangu yote ya mwaka wa kwanza na wa pili, na ile insha yenye wino mwekundu, yapo kwenye begi la shangazi kaja chini ya kitanda, dogo anakuja kuyachukua Jumamosi.